Jinsi ya kula tambi za kukaanga Singapore kwenye kibanda chenye foleni ndefu

Kama unapita Singapore, iwe kikazi, kishule au umeunganisha ndege pale Changi ukapata masaa ya kuingia mjini, nakuomba kitu kimoja tu, usiondoke bila kula tambi za kukaanga kwenye vibanda vya hawker, yaani wale wauza chakula wa vibandani. Sio za hotelini na sio za mgahawa wa kwenye mall, nazungumzia za kibandani, zile ambazo mzee mmoja amesimama na karai lake toka asubuhi na watu wamejipanga mpaka foleni inakata kona. Wabongo wengi wakifika kule wanaishia kula kuku wa kampuni za Marekani kwa sababu wameona foleni, hawajui waanzie wapi, wanaona aibu kuuliza, na inaniuma kweli maana chakula kizuri kuliko vyote kipo pale pale mbele yao na bei yake ni ya kawaida kabisa.

Kitu cha kwanza weka hiki kichwani, na mengine yote yanatokana na hiki: tambi za kukaanga ni chakula cha dakika chache. Zikitoka kwenye karai zina moto, zina harufu ya moshi, kila uzi umejitenga na mwenzake, mafuta bado yanang'aa. Ukiziacha zikapoa zinashikana bonge moja, mafuta yanaganda, zile chipukizi za choroko zinaachia maji chini ya sahani na moshi wote unapotea. Kwaio kiti, kinywaji, hela, tishu, kila kitu kiwe tayari KABLA sahani haijafika mezani, sio sahani imefika ndo unaanza kutafuta pa kukaa huku umeishika mkononi inapoa. Pia usiende ukiwa na haraka. Ukiwa na nusu saa tu kula kitu kingine, hizi zinataka muda wa kusubiri.

Sasa ujue unataka zipi. Ziko aina nyingi ila kwa kuanzia nakushauri tatu. Ya kwanza ni char kway teow, hizi ni tambi pana bapa za unga wa mchele, Singapore wanazichanganya na tambi za njano za ngano, zinakaangwa na kitunguu saumu, yai, chipukizi za choroko, majani ya kitunguu, soseji ya kichina, kombe wale wa baharini wenye ganda, na sosi nzito nyeusi yenye utamu, zinatoka nyeusi nyeusi zinang'aa. Ya pili Hokkien mee, hii haina weusi, ni tambi za njano zikichanganywa na zile nyeupe za mchele, alafu zinafunikwa zichemke kidogo ndani ya supu ya vichwa vya kamba mpaka zinyonye ile supu, juu kuna kamba, ngisi, yai, pembeni unapewa pilipili ya sambal na ndimu ndogo. Ya tatu mee goreng ya wahindi waislamu, nyekundu, kali, ina viazi, yai, nyanya, wakati mwingine na nyama ya mbuzi, inakuja na vipande vya tango na tomato sosi pembeni. Mimi Hokkien mee ndo ya kwanza kwangu, lakini mtu wa pwani aliyezoea pilipili na ndimu na viazi kwenye chakula chake atapenda mee goreng toka siku ya kwanza.

Na hapa waislamu nisikilizeni vizuri. Char kway teow ya kawaida inakaangwa na mafuta ya nguruwe, mara nyingi na vile vipande vidogo vya mafuta vilivyokauka vinarushiwa humo humo, na ile soseji ni ya nguruwe. Hokkien mee ya kawaida supu yake ina mifupa ya nguruwe pamoja na vichwa vya kamba. Kumwambia muuzaji "usiweke nguruwe" hakusaidii kitu, karai ni lile lile, mafuta ni yale yale na supu imeshachemshwa toka alfajiri. Ondoka hapo nenda kibanda chenye cheti cha halali cha Muis, yaani Baraza la Kiislamu la Singapore, au kibanda cha mwislamu mwenyewe, wala hutahangaika kwa sababu vipo kila mahali. Geylang Serai ndo mtaa wa wamalay, ghorofa ya juu ya soko lao utajaza tumbo kwa raha zote. Tekka Centre pale Little India wapo wahindi waislamu wa mee goreng. Na siku hizi vipo hata vibanda vya halali vinavyokaanga char kway teow na Hokkien mee bila nguruwe, uliza tu, watu wa kule hawachukii kuulizwa hilo swali, wamelizoea.

Kuhusu pa kwenda. Hawa wauzaji zamani walikuwa barabarani na mikokoteni, kama walivyo wetu, ila serikali ya Singapore miaka ya 1970 mpaka katikati ya 1980 iliwahamisha wote kwenye majengo yaliyojengwa kwa ajili yao, yana maji ya bomba, mifereji, sehemu ya kutupa taka, paa juu na pembeni wazi upepo unapita. Hayo ndo wanaita hawker centre na leo yako zaidi ya 110 nchi nzima, na mwaka 2020 UNESCO iliuweka huo utamaduni wao kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Nasema haya kwa sababu mtu akisikia "chakula cha kibandani" anawaza uchafu na tumbo kuuma. Sivyo. Vibanda vina leseni na vinakaguliwa, kula kwa amani.

Kwa tambi za kukaanga mimi ningeanza na Hong Lim Food Centre, iko karibu na Chinatown, ndipo kilipo kibanda cha Outram Park Fried Kway Teow Mee kinachojulikana sana. Nyingine ni Old Airport Road Food Centre, hii ni kubwa na ina vibanda vya tambi zaidi ya kimoja, Hokkien mee ya pale watu wanatoka mbali kuifuata. Lau Pa Sat ni jengo zuri la zamani katikati ya maofisi, nenda kapige picha, ila kwa tambi nakwambia ukweli nenda penye wazee wa mtaani wanaokula, utajua kwa kuangalia tu, ukiona mabibi na mababu na watu wa ofisini wamejipanga pamoja kwenye kibanda chenye bango lililochakaa hapo ndo penyewe. Foleni ya watalii watupu wenye kamera haikuambii chochote.

Muda nao. Saa 6 mchana mpaka saa 7 na nusu maofisi yote yanamwagika, hasa Hong Lim maana iko katikati ya maofisi, ukienda muda huo utasimama mpaka uchoke. Nenda saa 5 kasoro au subiri saa 8, lakini ukisubiri sana una hatari nyingine, vibanda vingi vya wazee vinafunga vitu vikiisha, hawana habari ya kupika ziada, saa 8 unakuta ameshaanza kuosha karai. Alafu kila kibanda kina siku yake ya kupumzika, na jengo zima linafungwa mara kadhaa kwa mwaka kwa ajili ya usafi mkubwa, kwaio angalia mtandaoni kabla hujapanda treni.

Umefika. Usikimbilie foleni, tafuta kiti kwanza kama mko wawili au zaidi. Utaona meza tupu lakini juu yake kuna pakiti ya tishu, au mwavuli, au kitambulisho cha kazi. Hiyo meza ina mtu. Hajasahau tishu yake, ndivyo wanavyoshika nafasi, wanaita chope, na kila mtu anaiheshimu, usiisogeze ukakaa. Wewe pia beba pakiti ya tishu mfukoni, kwanza ya kushika nafasi na pili vibanda havitoi tishu, utaihitaji maana kule joto ni la nguvu, wako karibu kabisa na mstari wa ikweta na hewa nzito kama Tanga mwezi wa pili, na pilipili ikikolea jasho litakutoka. Kama uko mwenyewe usichukue meza ya watu wanne peke yako, uliza kiti kilicho wazi kwenye meza ya wengine, kukaa na usiowajua ni kawaida. Shika namba ya meza yako, imeandikwa juu ya meza, maana kuna vibanda vitakuletea chakula mezani. Na usikae karibu na makarai ukiwa umevaa nguo ya kikao, utanuka moshi siku nzima.

Mwenzako akae na meza na aagize vinywaji, wewe ingia foleni. Vinywaji vina kibanda chao, wauza chakula hawauzi soda. Kwa tambi za mafuta kitu bora ni juisi ya miwa yenye ndimu au chai baridi isiyo na maziwa, kitu cha kukata mafuta. Chai ya maziwa iache mpaka umalize kula.

Foleni yenyewe, hapa ndo watu wanakata tamaa, wanaona watu 10 tu mbele na dakika 20 zimepita wako 6. Ngoja nieleze kwa nini, ukielewa hutachoka. Mpishi mzuri wa char kway teow anakaanga sahani moja moja, au chache kwa pamoja. Akijaza karai, moto unashindwa, tambi zinatoa maji, zinaanza kuchemka kwenye mvuke wao badala ya kukaangika, na ile harufu ya moshi haitokei kamwe. Ile harufu, wachina wanaiita wok hei, inatoka pale karai limepata moto mkali sana, anarusha tambi juu, mafuta yanaruka yanashika moto na kuzirudia. Huwezi kuifanyia haraka. Kwaio foleni ya taratabu ndo dalili nzuri, na mtu wa Hokkien mee yeye mara nyingi anapika karai kubwa la sahani nyingi kwa mpigo, foleni inasimama kabisa alafu ghafla watu kadhaa wanaondoka pamoja. Ukikuta karai ndo kwanza linaanza, usiondoke.

Na ukifika karibu, simu weka mfukoni uangalie mikono. Mafuta, kitunguu saumu kinapiga kelele, tambi zinaingia, anazirusha mara mbili tatu, anamwagia maji kidogo zilainike, anazisogeza pembeni, anatia mafuta tena katikati anapasua yai hapo, analifunika na tambi kabla halijaiva vizuri ili liwe kama sosi na sio vipande vya omleti, sosi nyeusi kwa kijiko kirefu bila kupima, chipukizi, na mwishoni kabisa kombe, sekunde chache tu kisha sahani. Dakika mbili tatu hivi kila kitu kimeisha. Wengi wao wamefanya hicho kitu kimoja maisha yao yote, baadhi ni kazi waliyorithi kwa baba, na wengi wanazeeka bila mtoto wa kuwapokea maana vijana wanataka ofisi yenye AC. Ndo maana nasisitiza uende sasa.

Zamu yako ikifika jibu liwe mdomoni tayari. Kiingereza kinatosha kabisa. Muite uncle kama ni mwanaume mtu mzima, auntie kama ni mwanamke, hiyo ndo heshima ya kule, kama sisi tunavyosema mjomba au mama, usianze na "hey" wala usimpigie vidole. Kuagiza ni kwa bei, ubaoni utaona bei mbili tatu na ndo ukubwa wa sahani, mara nyingi ni kati ya dola 5 na 8 za Singapore, unasema ya dola ngapi, pilipili nyingi au kidogo au usiweke, kombe ndio au hapana, unakula hapa au unafungasha. Kufungasha wanaita dabao, na kwa tambi za kukaanga nakukataza, zitafika hotelini zimelala. Isipokuwa Hokkien mee inayofungwa kwenye opeh, hilo ni ganda pana la chini ya jani la mpopoo, huo huo mpopoo wa tambuu, likipata joto linatoa harufu nzuri ajabu na kuipa tambi. Ukikuta kibanda kinachoitumia, hata kama unakula pale pale omba uwekewe humo.

Hela shika za taslimu, noti ndogo za dola 2, 5 na 10. Utaona QR imebandikwa lakini nyingi ni kwa wenye akaunti za benki za kule, na ukitoa noti ya 100 kwa sahani ya dola 5 utamchelewesha mzee na watu wote nyuma yako. Bahashishi hamna, lipa bei iliyoandikwa sema asante. Ukiona neno Self Service beba sahani yako mwenyewe, kama halipo taja namba ya meza ukae.

Sasa kombe. Hawa ni jamii moja na kombe wanaookotwa Unguja maji yakipwa, na kwa wapenzi wa char kway teow sahani bila kombe imepungua, kwa sababu wanaachia damu yao yenye chumvi ya bahari ikachanganyika na ule utamu wa sosi. Lakini wanapikwa nusu, kwa makusudi, na kombe wasioiva wanaweza kubeba virusi vya homa ya ini A, Shanghai mwaka 1988 watu karibu 300,000 waliugua kwa hiyo njia. Kwaio mjamzito, mwenye shida ya ini, mwenye kinga dhaifu na mtoto mdogo waseme hapana, na wewe ukiwa na safari ndefu ya ndege usiku huo huo sema hapana pia. Muuzaji atakuongezea kitu kingine au hataongeza, tambi bado zitakuwa tamu.

Sahani imefika. Picha moja, haraka, kisha vijiti. Char kway teow usianze kula juu juu, ingiza vijiti mpaka chini ugeuze mara mbili, kwa sababu sosi na yai vimekaa chini na chipukizi juu. Kula tonge la kwanza bila kuongeza chochote uisikie moshi, utamu, chumvi. Ndimu hapa haihitajiki. Hokkien mee ni tofauti, kwanza onja ule mchuzi mzito kwa kijiko, hapo ndo utajua kama mpishi alihangaika na vichwa vya kamba au alifanya shortcut, alafu kamua ndimu juu ya sahani yote, na sambal usiichanganye yote kwa pamoja, iweke pembeni uchovye kila tonge, ukiichanganya inaua ladha ya supu. Mee goreng unaweza kuichanganya utakavyo, tango kula katikati ya matonge kupoza mdomo. Vijiti vikikushinda chukua uma na kijiko, vipo kwenye kikapu pale kibandani na hamna atakayekushangaa, wamalay na wahindi wengi wanakula hivyo hivyo. Inamia sahani, vuta tambi, kelele kidogo sio kosa. Maongezi yasubiri.

Sahani moja ya char kway teow ni nzito, ina mafuta na sosi tamu, mkiwa wawili chukueni moja ndogo ya hiyo na moja ya Hokkien mee mgawane, mtaonja zote mbili zikiwa za moto bila kulemewa. Ukimaliza na bado una nafasi usirudie kibanda kile kile, nenda cha pili ulinganishe. Na ukipata siku za ziada vuka mpaka Penang, Malaysia, pale George Town char koay teow yao haina ule utamu mweusi, ni ya rangi nyepesi na ina kamba wazima, na pale Siam Road wanakaanga kwa moto wa mkaa, na mtu wa Penang na mtu wa Singapore hawatakubaliana milele ipi ni bora. Mimi nasema kwa char kway teow Penang, kwa Hokkien mee Singapore, na ujue ukiwa Penang ukiagiza Hokkien mee utaletewa bakuli la supu ya kamba, ni chakula kingine kabisa.

Mwisho usinyanyuke ukaacha sahani mezani. Toka tarehe 1 Septemba 2021 kwenye hawker centre zote ni sheria kurudisha trei na vyombo na kuokota tishu zako, mara ya kwanza wanakuonya kwa maandishi, ukirudia ni faini ya dola 300, na zaidi ya faini ukiacha mabaki njiwa na kunguru wanashuka mezani hapo hapo. Rafu za kurudishia ziko pembeni na ziko mbili, moja ya vyombo vya halali na nyingine ya visivyo halali, zimeandikwa, kwaio angalia ulikula kibanda gani kabla hujaweka, kwa sababu vyombo hivyo vinaoshwa tofauti na kuna mwislamu atakuja kula kwenye sahani hizo baada yako.